Ujazo wa Matangi ya Majitaka katika Magari-Nyumba ya Zamani

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumtia moyo mtu anayeweka akiba. Lakini ina upande wa pili ambao hautajwi sana: kibaba kikishajaa, haba inayofuata humwagika. Upande huo wa pili ndio unaohusu makala haya.

Katika Marekani na Kanada kuna aina ya gari ambalo ndani yake mna vitanda, jiko, sinki, bafu na choo. Gari la namna hiyo litaitwa hapa gari-nyumba. Familia huingia humo na kusafiri mamia ya kilomita, ikilala mahali popote inaporuhusiwa kuegesha. Kampuni ya Winnebago, iliyoanzia katika mji wa Forest City, jimbo la Iowa, ilianza kuunda magari-nyumba mwaka 1966. Kampuni ya General Motors nayo iliunda gari lililojulikana kwa jina la GMC Motorhome, toleo la kwanza likiwa la mwaka 1973 na la mwisho la mwaka 1978. Baadhi ya magari ya enzi hiyo yangali yakitembea hadi leo, yakitunzwa na watu wanaoyapenda kwa ajili ya umbo lake na uimara wake.

Nyumba ya mjini hupokea maji safi kwa bomba moja na kuyatoa machafu kwa bomba jingine. Gari-nyumba likiwa safarini halina bomba la kupokea wala la kutoa. Kila lita ya maji inayotumika ndani yake hapana budi iwe imebebwa, na ikishatumika hapana budi iendelee kubebwa mpaka ifike mahali palipotengwa kwa kumwagia majitaka. Kwa sababu hiyo chini ya sakafu ya gari huwekwa matangi. Kitabu cha gari huandika kwamba tangi fulani lina ujazo wa galoni 40, na mwenye gari hupanga safari yake kwa kuitegemea namba hiyo. Je, tangi hilo laweza kweli kupokea galoni 40? Jibu, mara nyingi, ni hapana. Na sababu zake zote zimo katika fizikia na hisabati zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Jambo hili si dogo. Kinyesi cha binadamu kikifika penye maji ya kunywa huleta kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa ya kuhara. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba vifo vya kipindupindu katika mtaa mmoja wa London vilikusanyika kuzunguka kisima cha Broad Street, na uchunguzi uliofuata uligundua kwamba shimo la majitaka lililokuwa karibu sana na kisima hicho lilikuwa likivuja. Mtu anayefungua vali ya tangi lake porini kwa kuwa limejaa kabla ya wakati hufanya kwa mkono kile ambacho shimo lile lilifanya kwa ubovu.

MATANGI MATATU

Gari-nyumba lililokamilika lina matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili hupokea maji yaliyotumika katika sinki na bafu, ambayo yana sabuni, mafuta na chembe za chakula. La tatu hupokea maji ya chooni pamoja na kinyesi na karatasi. Tangi la pili na la tatu hukaa chini kuliko sinki, bafu na choo, ili maji yateremke yenyewe kwa nguvu ya uvutano bila kuhitaji pampu.

Kila tangi la majitaka lina njia tatu: mahali pa kuingilia maji, mahali pa kutokea penye vali, na bomba jembamba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Bomba la kutolea maji ya chooni kwa kawaida lina kipenyo cha inchi 3, yaani sentimita 7.6. Bomba la maji ya sinki na bafu huweza kuwa nusu ya kipenyo hicho.

Si magari yote ya zamani yaliyokuwa na mpangilio huo. Mengine yalikuwa na tangi la choo peke yake, na maji ya sinki yaliachwa yaingie katika ndoo iliyowekwa nje, au yateremke chini tu. Mengine yalikuwa na tangi moja lililopokea kila kitu. Mpangilio huu wa mwisho una hatari yake, kama itakavyoelezwa baadaye.

GALONI IPI?

Kosa la kwanza huanzia kwenye neno "galoni". Galoni ya Marekani ni inchi za ujazo 231, sawa na lita 3.785. Galoni ya Kiingereza, iliyowekwa kisheria mwaka 1824 kwa kufuata uzito wa ratili 10 za maji, ni lita 4.546. Wasomaji wa Afrika Mashariki huenda wakalikumbuka debe la mafuta ya taa la galoni 4. Galoni hizo zilikuwa za Kiingereza, na debe hilo lilichukua lita 18 na ushei. Kwa kipimo cha Marekani, debe hilohilo ni galoni 4.8.

Gari la Uingereza, au la Kanada la kabla nchi hiyo haijaanza kutumia vipimo vya metriki katika miaka ya 1970, liliweza kuandikiwa ujazo wake kwa galoni ya Kiingereza. Gari la Marekani liliandikiwa kwa galoni ya Marekani. Mtu anayesoma "galoni 40" akidhani ni za Kiingereza atatarajia lita 182. Zikiwa za Marekani atapata lita 151 tu. Hapo amekwisha poteza lita 31 kabla hajafungua bomba lolote.

Ili hesabu zinazofuata ziwe rahisi, chukua tangi la mfano lenye umbo la sanduku, urefu sentimita 100, upana sentimita 60 na kina sentimita 25. Ujazo wake ni:

100 × 60 × 25 = 150,000 sentimita za ujazo = lita 150.

Lita 150 ni takriban galoni 40 za Marekani, au galoni 33 za Kiingereza. Hilo ndilo tangi litakalochunguzwa.

UJAZO WA HESABU NA UJAZO WA KAZI

Hesabu iliyotangulia hutoa ujazo wa sanduku lililolala sawasawa, na ambalo hewa yote imetoka. Gari lililoegeshwa kando ya ziwa au mlimani ni nadra kulala sawasawa.

Chukua kwamba gari limeegeshwa mahali penye mteremko wa nyuzi 5, mteremko unaoelekea urefu wa tangi. Uso wa maji hubaki mlalo, lakini tangi limeinama. Tanjenti ya nyuzi 5 ni 0.0875. Kwa hiyo, katika urefu wa sentimita 100, kina cha maji upande wa chini huzidi kina cha upande wa juu kwa sentimita 8.75. Maji yatakapogusa dari ya tangi upande wa chini, upande wa juu patabaki nafasi tupu yenye umbo la kabari. Ujazo wa kabari hiyo ni:

½ × 100 × 8.75 × 60 = 26,250 sentimita za ujazo, yaani lita 26 na robo.

Ikiwa bomba la hewa limeunganishwa upande wa juu, hewa iliyomo katika kabari hutoka na maji huendelea kuingia. Lakini ikiwa bomba la hewa na mahali pa kuingilia maji vyote viko upande wa chini, maji huziba njia zote mbili na hewa hubaki imefungwa. Mwanafunzi aliyewahi kukididimiza kikombe kilichofunikwa kifudifudi ndani ya ndoo ya maji amekwisha kuliona jambo hili: maji hayawezi kuingia mahali ambapo hewa haina njia ya kutoka. Tangi la lita 150 limekuwa tangi la lita 124.

Hasara ya namna hiyohiyo hutokea wakati wa kutoa. Mdomo wa kutokea ukiwa upande wa juu wa mteremko, lita 26 zitabaki ndani hata baada ya vali kufunguliwa kwa muda mrefu. Mwenye gari huamini kwamba ameondoka na tangi tupu, kumbe ameondoka na zaidi ya ndoo moja ya majitaka.

MABAKI YANAYOKULA NAFASI

Sababu ya pili ni umri. Tangi la maji ya chooni hupokea vitu vigumu, na vitu hivyo huhitaji maji mengi yanayokwenda kwa kasi ili vichukuliwe nje.

Mwanasayansi wa Italia wa karne ya 17, Evangelista Torricelli, alionyesha kwamba kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu lililo chini ya chombo hutegemea kina cha maji yaliyo juu ya tundu hilo:

v = kipeuo cha pili cha 2gh,

ambapo g ni mchapuko wa uvutano na h ni kina. Tangi la mfano likijaa, h ni mita 0.25, na kasi ni kipeuo cha pili cha 2 × 9.8 × 0.25, yaani mita 2.2 kwa sekunde. Eneo la mdomo wa bomba la inchi 3 ni sentimita za eneo 45. Kwa nadharia, basi, mwanzoni hutoka takriban lita 10 kwa kila sekunde. Msuguano katika bomba na katika mpira wa kutolea maji hupunguza kiasi hicho, lakini wingi wake bado ni mkubwa. Kina kikishuka hadi robo, kasi hushuka hadi nusu; kina kikishuka hadi sehemu moja ya kumi, kasi huwa chini ya theluthi moja ya ile ya mwanzo.

Hapa ndipo mazoea ya baadhi ya watu hugeuka kuwa hasara. Gari likiegeshwa kwa siku nyingi mahali palipo na bomba la majitaka, mwenye gari huiacha vali ya tangi la choo wazi, akifikiri kwamba anajiondolea kazi. Maji hutoka kidogo kidogo kila choo kinapotumika, lakini kwa kuwa kina ni kidogo, kasi ni ndogo, na vitu vigumu havichukuliwi. Hujikusanya chini ya tundu la choo kama kichuguu, hukauka na kushikamana na sakafu ya tangi. Njia iliyo sahihi ni kuifunga vali, kungoja tangi lifike angalau theluthi mbili, kisha kuifungua kwa mara moja. Tangi la maji ya sinki hufunguliwa baada ya lile la choo, ili maji yake ya sabuni yausafishe mpira.

Tabaka la mabaki lenye unene wa sentimita 4 tu katika tangi la mfano lina ujazo wa 100 × 60 × 4, sawa na lita 24. Ukiongeza kabari ya hewa ya lita 26, tangi lililoandikwa lita 150 sasa hupokea lita 100. Theluthi moja ya ujazo imetoweka, na hakuna kitu kilichovunjika wala kutoboka.

Zamani baadhi ya wenye magari walitia fomaldehidi katika tangi la choo ili kuondoa harufu. Kemikali hiyo huua bakteria wanaotoa harufu, lakini kwa sababu hiyohiyo huwaua pia bakteria wanaoyeyusha mabaki. Madhara yake hayaishii kwenye gari. Majitaka hayo yakimwagwa katika karo linalotegemea bakteria kuozesha uchafu, karo nalo hupoteza nguvu ya kufanya kazi.

TAA INAYODANGANYA

Mtu aweza kuuliza: kwa nini mwenye gari asitazame kipimo? Magari mengi yana kibao chenye taa ndogo zinazoonyesha kama tangi lina robo, nusu, robo tatu au limejaa. Kipimo hicho hufanya kazi kwa njia rahisi. Vipande vya chuma hupitishwa katika ukuta wa tangi kwa vimo mbalimbali. Maji machafu yana chumvi, na kwa hiyo hupitisha umeme. Maji yakifikia kipande fulani, saketi hukamilika na taa huwaka.

Kasoro ni kwamba saketi haitambui kitu kinachoikamilisha. Karatasi iliyolowa, utando wa sabuni au mafuta yaliyochanganyika na uchafu vikishikamana na ukuta wa tangi, mkondo wa umeme hupita katika utando huo hata kama tangi ni tupu. Taa ya "robo tatu" huweza kuwaka safari nzima. Kwa upande mwingine, kipande kilichofunikwa na mafuta makavu, au waya uliolika kwa kutu, hautapitisha umeme hata maji yakifika darini.

Njia ya kutegemewa ni ileile ya mpishi anayepima unga: kuhesabu kinachoingia. Mwenye gari hulitoa maji tangi lote, huliweka gari sawasawa kwa kutumia timazi maji, kisha hutia maji safi kwa ndoo ya lita 10 huku akihesabu, mpaka maji yaonekane katika tundu la choo. Au hupima muda ambao bomba hujaza ndoo hiyo, kisha huhesabu sekunde. Bomba linalojaza lita 10 katika sekunde 50 litatia lita 100 katika sekunde 500. Namba inayopatikana kwa njia hiyo ndiyo ujazo wa kazi, na ndiyo inayopaswa kuandikwa katika daftari la gari badala ya ile ya kitabu.

KWA NINI TANGI LISIONGEZWE?

Suluhisho la haraka linaloweza kufikiriwa ni kuliondoa tangi la zamani na kuweka kubwa zaidi. Hapa kuna vizuizi viwili.

Cha kwanza ni nafasi. Chini ya sakafu kuna fremu ya gari, ekseli, bomba la moshi na tangi la petroli. GMC Motorhome, kwa mfano, iliendeshwa kwa magurudumu ya mbele, na hivyo sakafu yake iliweza kuwekwa karibu sana na ardhi. Jambo hilo lilirahisisha kuingia na kutoka, na lilisaidia gari kutulia katika kona, lakini sakafu iliyo karibu na ardhi haiachi nafasi kubwa ya tangi lenye kina.

Cha pili ni uzito. Lita moja ya maji ina kilo moja. Tangi la mfano likijaa lina kilo 150 za maji, bila kuhesabu tangi lenyewe. Pia mahali tangi linapokaa huweza kuwa na athari kuliko kiasi chenyewe. Tuseme umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 4, na kitovu cha uzito cha tangi kiko mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gari limekuwa wenzo. Ukichukua momenti kuzunguka ekseli ya mbele, mzigo unaoongezeka kwenye ekseli ya nyuma ni:

150 × (4 + 2) ÷ 4 = kilo 225.

Kilo 150 za maji zimeielemea ekseli ya nyuma kwa kilo 225. Kilo 75 zilizozidi zimetoka wapi? Zimeondolewa kwenye ekseli ya mbele, kama vile mtoto mmoja anapokaa mwisho wa bembea ya ubao na kumwinua mwenzake. Magurudumu ya mbele yakipungukiwa na mzigo hushika barabara kwa udhaifu, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Mwenye gari anayefunga tangi la mara mbili mahali palepale huzidisha namba zote hizo mara mbili, tena katika gari ambalo springi, breki na ekseli zake zina umri wa miaka hamsini.

HESABU YA SIKU

Sasa chukua familia ya watu wanne katika gari lenye tangi la maji safi la lita 150, tangi la maji ya sinki na bafu la lita 80, na tangi la maji ya chooni la lita 70. Kwa kutazama haraka, muundaji amefanya haki: lita 150 zinaingia, na zipo nafasi za lita 150 za kuzipokea.

Tuseme kila mtu kwa siku hutumia lita 12 kwa kuoga kwa uangalifu, kupika na kuosha vyombo. Huenda chooni mara 5, kila mara akitumia lita 1. Na hunywa lita 2. Mwili wake hutoa takriban lita 1 na nusu zinazoishia chooni, na maji mengine aliyoyanywa hutoka kwa jasho na pumzi. Kwa watu wanne, hesabu ya siku moja ni hii:

Maji safi yanayotumika: 48 + 20 + 8 = lita 76.
Maji yanayoingia tangi la sinki na bafu: lita 48.
Maji yanayoingia tangi la choo: 20 + 6 = lita 26.

Maji safi yatatosha siku 150 ÷ 76, yaani karibu siku 2. Tangi la choo litatosha siku 70 ÷ 26, yaani siku 2.7. Lakini tangi la sinki na bafu litajaa baada ya siku 80 ÷ 48, yaani siku 1.7. Wakati huo bado kuna lita 23 za maji safi, na bado kuna nafasi ya lita 27 katika tangi la choo. Lakini havisaidii kitu. Safari hupimwa kwa tangi linalojaa kwanza, wala si kwa jumla ya matangi. Na ikiwa tangi hilo la lita 80 limepungukiwa na sehemu ileile iliyopotea kwa mteremko katika tangi la mfano, litapokea lita 66 tu, nalo litajaa baada ya siku 1.4.

Familia ikiendelea kutumia maji, sheria ya vyombo vilivyounganishwa huchukua nafasi yake. Maji husimama kwa kimo kimoja katika tangi na katika mabomba yote yaliyounganishwa nalo. Mdomo ulio chini kuliko yote ndio utakaofurika kwanza, na katika gari-nyumba mdomo huo ni sakafu ya bafu. Katika gari lenye matangi mawili, kitakachopanda bafuni ni maji ya sabuni. Katika yale magari ya zamani yenye tangi moja kwa kila kitu, kitakachopanda mahali ambapo watoto huogea ni majitaka ya chooni. Hapo ndipo kishawishi cha kufungua vali gizani huwa kikubwa. Nacho kingeepukwa kwa hesabu ya dakika tano iliyofanywa kabla ya kuondoka nyumbani.

MAZOEZI YA DARASANI

Shule haihitaji gari-nyumba ili kulichunguza jambo hili. Dumu tupu la mafuta ya kupikia la lita 5, lenye mdomo upande mmoja wa sehemu yake ya juu, latosha. Wanafunzi walisimamishe dumu mezani, walijaze maji hadi yafurike, kisha wayamimine katika chombo cha kupimia na kuandika ujazo. Baadaye waliinamishe kuelekea upande wa mdomo kwa nyuzi 5, 10, 15 na 20, wakilijaza upya kila mara, na wachore grafu ya ujazo dhidi ya pembe. Warudie zoezi wakiwa wameliinamisha kuelekea upande mwingine, na waeleze tofauti wanayoiona.

Kwa zoezi la pili, misumari miwili ipitishwe katika ukuta wa chombo cha plastiki na kuunganishwa na betri ya tochi na galvanometa. Maji yenye chumvi kidogo yatiwe hadi yafunike misumari, kisha yamwagwe. Karatasi laini iliyoloweshwa katika maji hayo ibandikwe ukutani ili iguse misumari yote miwili. Mshale wa galvanometa utaonyesha kwamba mkondo unapita, ingawa chombo ni kitupu.

Zoezi la tatu linahusu shule yenyewe. Shule ya bweni yenye karo la majitaka ina tangi la aina ileile, ila limechimbiwa ardhini. Tuseme wanafunzi 400 wanatumia kila mmoja lita 20 kwa siku, na karo lina ujazo wa lita 16,000. Majitaka ya siku ni lita 8,000. Kwa hiyo maji hukaa karoni siku 2, muda ambao uchafu mzito hupata nafasi ya kutuama. Tope likijaza nusu ya karo, maji yatakaa siku 1 tu. Likizidi hapo, uchafu hautuami tena. Huchukuliwa hadi kwenye shimo la kunywea maji na kuziba vitundu vya udongo. Siku majitaka yanapoonekana juu ya ardhi, watu husema kwamba karo limeharibika ghafla, kumbe ujazo wake ulikuwa ukipungua kwa miaka mingi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Wanafunzi wafanye hesabu hii kwa kutumia vipimo vilivyomo katika michoro ya ujenzi, wala mtu yeyote asifunue karo au kuingia ndani yake kwa ajili ya kupima. Majitaka yanayooza bila hewa hutoa methani, inayowaka, na hidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza. Gesi hii ya pili ikiwa nyingi huua uwezo wa pua wa kunusa, hata mtu akadhani kwamba harufu imekwisha. Kisha humwangusha kwa muda mfupi. Watu wengi wamekufa katika mashimo ya majitaka wakijaribu kumwokoa mwenzao aliyetangulia kuanguka. Ni kwa ajili ya gesi hizo pia kwamba bomba la hewa la gari-nyumba hupandishwa hadi juu ya paa, na kwamba chini ya kila sinki huwekwa bomba lililopinda ambalo daima hubaki na maji ya kuzuia gesi isirudi ndani.

Namba iliyoandikwa kwenye tangi, iwe la gari au la shule, hueleza chombo kilivyokuwa siku kilipotoka kiwandani au mikononi mwa fundi. Kabla ya kuitegemea, mwenye chombo hana budi kujiuliza imeandikwa kwa kipimo gani, chombo kimelalaje, hewa yake inatokea wapi, kina mabaki kiasi gani, na ni kipi kati ya vyombo vyake kitakachojaa kwanza. Akishayajibu maswali hayo, atajua siku ya kuyatoa majitaka kabla hayajajitoa yenyewe. Kwani maji yakimwagika hayazoleki.